Kuacha sigara: kipi kinashikilia kweli, woga, pesa, watoto ao kanisa?

Fundi wa Kamalondo

Jambo kwenu wote. Nataka kuacha sigara, na siombi mtu anieleze kwamba sigara ni mbaya. Hilo kila mvutaji hapa Lubumbashi analijua. Natafuta kitu cha kunishikilia saa ile hamu inapopanda: asubuhi kabla ya chai, na jioni nikifunga atelye. Nina sababu nne, naomba walioacha wanisaidie kuzipima.

Ya kwanza ni woga wa ugonjwa. Usiku kifua kikikoroma woga huo una nguvu, lakini saa nne asubuhi, chuma kikiwa mezani na mteja amesimama mlangoni, siuoni tena. Ya pili ni pesa. Ya tatu ni watoto. Wangu wa mwisho ana pumu. Ya nne ni kanisa, maana mchungaji wetu ananihimiza niweke nadhiri mbele ya watu.

Halafu kuna njia yenyewe. Nikate siku moja? Nipunguze polepole? Nitafute chingamu na plasta za nikotini, ao ile sigara ya umeme wanayovuta vijana wa mjini? Mimi ni soudeur, fundi wa kuchomelea chuma, pesa yangu inakuja kwa bahati, hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtu kama mimi aanzie wapi?

Mama Bénie

Papa, miye naona Mungu njo wa kwanza. Mume wangu aliweka nadhiri kanisani na tangu siku ile hajashika tena. Watu wanakuombea, Jumapili wanakuuliza, hauko peke yako. Dawa inaomba pesa, maombi haiombi kitu.

Shoferi wa Kasumbalesa

Fundi, kata siku moja. Mimi ni mtu wa malori, najua foleni ya mpaka inavyovutisha watu: umekaa, huna la kufanya, mkono unatafuta kazi. Wenzangu wengi walichagua kupunguza. Sigara zikishuka kutoka kumi hadi tano, zile tano wanazivuta kwa nguvu mpaka kwenye kichungi, na nikotini inayoingia mwilini haipungui kama wanavyofikiri. Tena mtu anayepunguza anakesha akihesabu sigara, siku nzima anangojea ile inayofuata. Mimi nilikata mara moja, nikawapa wenzangu kiberiti. Sababu yangu ilikuwa pumzi: nilikuwa siwezi tena kupanda juu ya mzigo kufunga turubai.

Mtoto wa Gécamines

Mimi nauliza swali ambalo wengi wanaliwaza. Tanuru la shaba liliwashwa hapa mwaka 1911. Babu zetu walivuta moshi ule, baba zetu pia, na leo vumbi la barabara za migodi linaingia mpaka chumbani. Sigara mbili za jioni zinaongeza nini juu ya hayo?

Muuguzi wa Katuba

Nianze na wewe, Mtoto wa Gécamines, kwa sababu hilo swali naliletewa mara nyingi na linanihuzunisha. Ndani ya njia za pumzi kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia vumbi na makohozi kupeleka juu, mtu akohoe ateme. Moshi wa sigara unavilemaza na kuviua. Kwa hiyo anayeishi kwenye vumbi ndiye anayehitaji ufagio huo kuliko mtu wa mahali pengine, na ndiye anayeuvunja. Ongeza kifua kikuu, ugonjwa ulioenea sana katika nchi yetu: uvutaji unaongeza sana hatari ya kukipata, na anayevuta akiwa kwenye matibabu anapona kwa shida zaidi. Vumbi la mji huwezi kulizima wewe peke yako. Sigara unaweza.

Sasa Fundi. Kabla ya kuchagua njia, jibu swali moja: ukiamka, unakaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza? Ukivuta ndani ya nusu saa ya kwanza, mwili wako umefungwa na nikotini kwa nguvu, na hapo sababu nzuri peke yake, hata iwe ya mtoto, mara nyingi inashindwa. Usifikiri wewe ni mdhaifu. Moshi ukivutwa, nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na ubongo umejifunza kuingojea. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni 3 hadi 5 hivi tu wanaofikisha miezi sita ao mwaka bila kurudi. Ndiyo maana sipendi kusikia «alikosa nia».

Shoferi ana haki kuhusu kukata. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Uingereza uliolinganisha njia hizo mbili kwa watu karibu 700. Baada ya wiki nne, waliokata siku moja walikuwa wameshikilia 49 kwa 100, waliopunguza 39. Baada ya miezi sita walibaki 22 na 15. Lakini angalieni vizuri: makundi yote mawili yalipewa plasta na dawa za nikotini na mtu wa kuwashauri. Kukata siku moja kwa msaada na kukata kwa kusaga meno ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu dawa: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi wa 7 mwaka 2024, likapendekeza nikotini ya tiba (plasta, chingamu na nyingine), vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini, pamoja na ushauri. Bupropioni haifai kwa mwenye kifafa, kwa hiyo hizo za vidonge usinunue bila munganga kukuona. Plasta na chingamu zimo kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika hilo tangu 2009, lakini kwetu unaweza kuzunguka farmasia nyingi mjini kabla ya kuzipata, na bei yake si ndogo. Ukizipata, plasta ya mchana kutwa pamoja na chingamu ya saa hamu inapopanda vinasaidia kuliko kimoja peke yake.

Sigara ya umeme: Uingereza huduma ya afya inaikubali kwa mtu mzima anayetaka kuacha sigara, Shirika la Afya Duniani lina mashaka nayo. Mimi simshauri fundi wa Kamalondo anunue kimiminika asichojua kina nikotini kiasi gani.

Mwanafunzi Kasapa

Baba Fundi, naomba nizungumzie pesa, maana naona kila mtu anaipita haraka. Nasoma uchumi.

Woga wa kansa ni deni la mbali. Hamu ni ya sasa hivi. Mtu akipima faida ya miaka 20 ijayo na raha ya dakika tano zijazo, dakika tano zinashinda, na hilo halihusu elimu: kuna waganga wanaovuta. Kwa hiyo kama pesa ndiyo sababu yako, lazima iume leo.

Na sisi tunavuta kwa namna inayoficha gharama. Unanunua moja moja kwenye ligablo, kile kibanda cha barabarani, unatoa noti ndogo, huoni jumla, hata pakiti yenye onyo huishiki. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2005, unazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji huo wa moja moja, na bado tunaona vile inavyouzwa kila kona. Kabla hujaacha, chukua wiki moja: kila noti unayotoa kwa sigara, tia nyingine ya kiasi hicho ndani ya kopo. Mwisho wa wiki fungua kopo mbele ya mke wako.

Kuna jaribio lililofanywa Mindanao, kule Ufilipino, matokeo yakatoka 2010. Wavutaji waliambiwa: weka akiba yako benki kwa miezi sita, kisha tutapima mkojo. Ukikutwa na nikotini, pesa zinakwenda kwa wahitaji. Waliokubali walikuwa wachache, kama 11 kwa 100, lakini kundi lililopewa nafasi hiyo liliacha zaidi kuliko lile ambalo halikupewa, na walipopimwa tena kwa ghafla baada ya mwaka tofauti ilikuwa bado ipo. Marekani walilinganisha zawadi ya pesa kwa atakayeacha na rehani, matokeo yakatoka 2015. Zawadi tupu ilikubaliwa na watu 90 kwa 100, ile ya kuweka kwanza pesa zako mwenyewe ilikubaliwa na 14 tu. Ukihesabu wote walioitwa, zawadi ilisaidia wengi zaidi. Lakini kwa wale walio tayari kuweka chao, rehani ilikuwa na nguvu kuliko zawadi.

Hapa kwetu nani atakupa zawadi? Hakuna. Lakini likelemba, vikundi vya kuchangishana pesa kwa zamu, tunazo kila avenue. Mpe mama anayetunza pesa za likelemba yenu kiasi kinachouma, mbele ya mashahidi wawili. Ukivuta ndani ya miezi sita, pesa ziingie kwenye mfuko wa kilio wa kundi.

Shoferi wa Kasumbalesa

Hiyo ya likelemba ina akili. Lakini nani atampima mkojo? Mvutaji anajua kuficha: limau, majani ya mapera, kunawa mikono kwa petroli.

Mwanafunzi Kasapa

Kweli, mukubwa. Ndiyo maana shahidi mmoja awe mtu anayefanya naye kazi mchana, na wa pili mtu wa nyumbani.

Yaya Nathalie

Nimesoma yote na nina neno ambalo hakuna aliyelisema. Mimi ni mwanamke na nilivuta miaka mingi. Mnazungumza nadhiri kanisani na mashahidi wa likelemba. Mwanamke akisimama mbele ya kanisa aseme «navuta sigara», kesho yake kartye nzima inamwita malaya. Mwanaume anashangiliwa kwa kuacha; mwanamke anahukumiwa kwa kuwa aliwahi kuanza. Kwa hiyo sisi tunavuta chooni, tunaacha chooni, tunarudia chooni, na hakuna anayetupongeza wala kutusaidia.

Kilichonisaidia ni dada yangu mmoja tu. Hamu ikipanda nilimtumia nukta moja kwenye simu, yeye ananipigia, tunaongea mambo ya soko, ya bukari, ya shule za watoto. Hatukutaja sigara. Hamu moja haikai sana, ni dakika chache, ukiipitisha kwa maongezi inashuka. Siku tatu za kwanza ndizo zilikuwa mbaya kabisa: hasira, usingizi hakuna, kila mtu ananiudhi. Dada aliniambia mapema kwamba itakuwa hivyo, basi sikushtuka.

Mama Bénie, sipingi kanisa. Nasema tu kwamba nadhiri ya hadharani inamfaa yule ambaye hadhara haitamponda. Na mwenye kuhukumu dada zake wanaovuta ajue anawafungia mlango wa kutoka.

Baba Fundi, kuhusu mtoto mwenye pumu: usimfanye yeye kuwa polisi wako. Nimeona wababa wanaomwambia mtoto «ukiniona navuta, nikemee». Siku baba akirudia, mtoto anadhani ni kosa lake. Mtoto awe sababu yako moyoni, na shahidi awe mtu mzima.

Mama Bénie

Yaya Nathalie, neno lako limeniingia. Katika kundi letu la wamama sijawahi kusikia mmoja anasema anavuta, na sasa naelewa kwa nini. Jumatano nitaliongea na mama mchungaji, bila kutaja mtu.

Mtoto wa Gécamines

Muuguzi, asante kwa ile ya ufagio. Swali fupi: mtu mwenye miaka 50 kitu, bado kuna faida?

Muuguzi wa Katuba

Ipo, na kubwa. Richard Doll na wenzake waliwafuata waganga wanaume wa Uingereza zaidi ya 34,000 kuanzia 1951, miaka 50 mizima. Hesabu iliyotoka 2004 inasema aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia kama miaka 3 ya maisha, wa 50 miaka 6, wa 40 miaka 9, wa 30 karibu yote 10 ambayo sigara ingemnyang'anya. Na si lazima ungoje uzee kuona: ndani ya siku moja hewa chafu ya kaboni monoksidi inatoka kwenye damu, ndani ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inashuka kufikia kama nusu ya ile ya mvutaji.

Ila mjue uzito unaweza kupanda, kilo nne ao tano kwa wengi mwaka wa kwanza. Usirudie sigara kwa sababu ya suruali.

Fundi wa Kamalondo

Asanteni sana, kweli mmenisaidia. Swali la Muuguzi: mimi navuta kabla hata sijanawa uso, basi nimeelewa niko kundi gani. Naona hivi. Woga nauweka pembeni. Mtoto abaki sababu yangu, sitamwambia. Pesa ndiyo itanishika: kesho naanza kopo, na rehani naiweka likelemba ya wajirani zetu wa avenue, mashahidi ni msaidizi wangu wa atelye na mke wangu. Kanisani nitaomba waniombee, nadhiri bado. Jioni nikifunga sitapita ngandani kwanza, maana bia na sigara kwangu vinatembea pamoja. Nimepata farmasia moja yenye plasta na chingamu, nitanunua kidogo kidogo. Nibandike usiku wa kabla ao asubuhi? Na chingamu natafuna kama zile za watoto?

Muuguzi wa Katuba

Asubuhi ya siku ya kwanza bila sigara, kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, na kila siku ubadilishe mahali. Ukiota ndoto za kutisha, itoe wakati wa kulala. Kwa kuwa unavuta mara tu unapoamka, omba chingamu ya miligramu 4, si ya 2. Usiitafune mfululizo: tafuna taratibu mpaka uhisi inawasha kama pilipili, iweke kati ya shavu na fizi, ikiisha kuwasha tafuna tena. Robo saa kabla yake usinywe kahawa wala soda, zinazuia nikotini kuingia.

Na jambo moja kwa sababu ya kazi yako. Joto likipiga plasta, nikotini inaingia haraka kupita kiasi. Wewe unasimama mbele ya moto wa soudure, basi usiibandike kifuani wala mkononi, bandika mgongoni juu, chini ya nguo. Ukisikia kizunguzungu na kichefuchefu kazini, itoe, safisha ngozi kwa maji bila sabuni, kisha upite dispansari yoyote wakuangalie.