Magari ya mabomba Malindi: yakamatwe au yaachwe?

Mleta mada: Jamani, suala hili limezungushwa barazani vya kutosha, tuliweke wazi hapa. Kuna wanaotaka kila Subaru au Evo (Mitsubishi Lancer Evolution) iliyofanyiwa marekebisho, hasa ya bomba la moshi lipige kelele, ikamatwe ikionekana mjini. Wengine wasema waacheni vijana na raha zao. Mimi naona pande zote mbili zimekosa shabaha.

Marekebisho si kitu kimoja. Kuna aliyefunga breki kubwa kuliko zilizokuja na gari. Huyo amekusaidia hata wewe mwenye tuktuk unayemkatiza ghafla. Na kuna aliyekata springi kwa grainda ili gari lilale chini. Gari lake likirushwa na tuta, springi iliyopungua yaweza kuhama mahali pake. Ukisema "gari lililobadilishwa likamatwe", umewatia wote kapu moja.

Na hiyo milipuko ya mabomba inayotuamsha usiku, si mbio. Kompyuta ya injini imepangwa ili petroli iwakie ndani ya bomba la moshi dereva anapoachia mafuta. Kwenye mashindano kuna sababu: tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, isipoteze mzunguko kwenye kona. Barabara ya Lamu saa saba usiku tabo inasubiri kona gani? Ni mbwembwe tu.

Jirani wa Casuarina: Mwanangu, umeeleza vizuri, lakini mimi nina mgonjwa wa presha ndani. Mlio ukipita, anashtuka, haulizi kama ni breki kubwa au ndogo. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2009. Zitumike. Mengine mtajadiliana wenyewe.

Mpenda Evo: Bi, shikamoo, na pole kwa mgonjwa. Ila tusisahau haya magari yana historia na nchi hii. Dereva wa rali Mäkinen alishinda Safari Rally mwaka 1996 kwa Lancer Evolution, mwenzake McRae akashinda 1997 kwa Subaru Impreza. Evo haitengenezwi tena, na gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa Kenya. Kwa hiyo hizi zilizopo ndizo hizo. Ukilikamata langu ukalifungia uani kwa polisi miezi sita kwenye hewa hii ya chumvi, utanirudishia kutu. Kaunti itupe kipande cha barabara Jumapili asubuhi, tumalize hamu huko.

Mleta mada: Kipande cha barabara sawa, lakini nani atalipa ambulensi na vizuizi? Na bima yako yajua umebadilisha nini? Usipowaarifu, siku ya ajali wana sababu ya kukukatalia.

Fundi wa Majengo: Shekhe, niruhusuni, maana mimi ndiye ninayezifungua. Mnagombania kelele, ubovu uko chini ya gari.

Kijana yuaja na Subaru Forester ya tabo, ataka aongezewe presha ya tabo. Navuta kijiti cha oili, kimetoka kikavu. Tabo yategemea oili hiyo hiyo! Halafu injini iliyopangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kutowaka mapema) inanyweshwa super ya hapa, isiyofika hapo. Ukiongeza presha bila kupanga upya kompyuta, mafuta yanawaka kabla ya wakati, injini inagonga, na pistoni zinavunjika pale zinapokaa ringi. Injini ya Subaru iitwayo EJ25 ndiyo zaidi. Ikifa kwa kasi ukiwa njia ya Gede, nyuma yako kuna matatu.

Kutu nayo. Matao ya magurudumu ya nyuma nayabonyeza kwa bisibisi, inapita hadi ndani. Juu rangi inang'aa, imepigwa polishi. Gari kama hilo mimi ningelisimamisha hata kama liko kimya kama baiskeli.

Mpenda Evo: Fundi, hapo sina neno. Langu njoo ulikague.

Mleta mada: Basi pendekezo langu: polisi wawe na kipimo cha sauti, na mkaguzi alale chini aangalie springi, breki na kutu. Kosa la kelele, mwenye gari apewe wiki mbili arudishe mafla, kile kipunguza mlio cha bomba. Asiporudisha, hapo likamatwe, wala nisione mtu akilia hapa. Bi, wiki mbili utavumilia?

Jirani wa Casuarina: Moja. Na hizo mafla watazitoa wapi, si walishazitupa?

Fundi wa Majengo: Hawakutupa, Bi. Ziko nyuma ya gereji yangu, wenyewe waliziacha siku walipokatiwa mabomba. Kila mtu aje achukue yake, nitamtoza ya kuchomelea tu.