Kura ya posta haikufika, ya kituoni wameitupa. Acheni kuwatisha wazee wetu kwamba "wanapiga kura mara mbili"!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Niko Pennsylvania, Marekani, mwaka wa tisa sasa, na jambo hili limenikaa rohoni tangu uchaguzi wa Novemba 2024. Naliandika leo kwa sababu tarehe 3 Novemba 2026 watu wanarudi vituoni, na yule mama niliyempeleka kupiga kura ameniambia yeye hatoki tena.

Ni jirani yangu, mtu wa Uvira, Kongo. Alikimbia vita mwaka 1996, akavuka ziwa, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, zaidi ya miaka 20. Mimi ni wa Kigoma, kwa hiyo tulipokutana huku tukawa ndugu siku hiyohiyo. Uraia aliapishwa 2023. Mkimbizi hapigi kura kambini, kwa hiyo akiwa na miaka 68 ndiyo alikuwa anakwenda kumchagua rais kwa mara ya kwanza. Kitenge alikishonesha mwezi mzima kabla.

Magoti yanamsumbua, tukaomba kura ya posta, yaani karatasi ya kura inatumwa nyumbani, unaijaza na kuirudisha. Tuliomba mwezi wa tisa. Kila siku anafungua sanduku la barua anakuta matangazo na bili ya umeme, kura hakuna. Tukapiga simu kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti, wakasema imeshatumwa, subirini. Tukasubiri. Hapa kura ya posta lazima iwe imefika kaunti kabla ya saa 2 usiku siku yenyewe ya uchaguzi, hata kama uliiposti wiki nzima nyuma. Tarehe 5 Novemba asubuhi sanduku tupu. Nikamwambia, mama, vaa twende kituoni.

Kituo kiko kwenye ukumbi wa zimamoto. Aliyekuwa na daftari akaliona jina lake lina alama ya kutumiwa kura ya posta. Akapandisha sauti mpaka foleni nzima ikageuka: umeshapewa kura, ukipiga hapa umepiga mara mbili, na hilo ni kosa la jinai. Mama Kiingereza chake ni kidogo, lakini habari za polisi na jela anazielewa vizuri sana. Akanishika mkono. "Mwanangu, twende. Nimeapa juzi tu. Watanirudisha."

Nilisimama pale nikakataa kuondoka. Maana ule ulikuwa uongo, na mtu anayelipwa kukaa kwenye ile meza anapaswa kujua kwamba ni uongo.

Sikilizeni, na muwaelezee wazee wenu. Tangu mwaka 2002 kuna sheria ya nchi nzima kwamba mtu akifika kituoni na kukawa na utata kuhusu jina lake, hafukuzwi. Anapewa kura ya muda. Anaijaza, anaitia kwenye bahasha ya siri, halafu kwenye bahasha ya nje yenye jina na sahihi yake, na inawekwa kando. Haichanganywi na nyingine. Baadaye kaunti inaangalia: ile ya posta ilirudi kwa wakati? Kama ilirudi, hii ya muda haihesabiwi. Kama haikurudi, hii ndiyo kura yake. Sasa hapo mara ya pili iko wapi? Kwetu tunachovya kidole kwenye wino ili mtu asirudie. Huku wino wao ni hiyo bahasha. Imewekwa kuzuia mtu kupiga mara mbili, halafu wanaitumia kumtisha mtu ambaye hajapiga hata mara moja!

Sisemi kosa lenyewe halipo. Lipo na ni zito: kwa sheria ya serikali kuu, anayepiga kura mara mbili kwa makusudi kwenye uchaguzi wa aina hii anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 10,000. Ndiyo maana nawakasirikia pia wanaosambaza sauti kwenye magrupu ya WhatsApp, "piga zote mbili, mojawapo itafika." Mnawachimbia watu shimo. Septemba 2020 Trump mwenyewe akiwa Wilmington, North Carolina, aliwaambia watu wapige kwa posta halafu waende na kituoni, na kesho yake bodi ya uchaguzi ya jimbo ikalazimika kutangaza kwamba kufanya hivyo ni jinai. Ukishairudisha kura yako ya posta, angalia kwenye mtandao wa jimbo kama imepokelewa. Usiende kubahatisha.

Na hata mahakama imeshalisema hili. Kaunti ya Butler, hukuhuku Pennsylvania, wapiga kura wawili walirudisha kura za posta wakasahau kuzitia kwenye bahasha ya siri, kwenye uchaguzi wa mchujo wa Aprili 2024. Kura ya namna hiyo wanaiita kura uchi, inatupwa. Wakaenda kupiga kura ya muda, kaunti ikakataa kuihesabu. Oktoba 2024 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo, majaji 4 kwa 3, ikaamua zihesabiwe. Iliyotupwa siyo kura iliyopigwa. Uamuzi huo ulikuwa na wiki mbili tu siku tuliposimama kwenye ule ukumbi.

Baada ya dakika arobaini wakampa. Mimi nikaambiwa nikae mbali, wakati sheria inamruhusu asiyesoma Kiingereza aingie na msaidizi anayemtaka mwenyewe, alimradi asiwe mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Bahasha ya nje inatakiwa sahihi mbili, moja kabla ya kupiga na nyingine baada. Wakamwonyesha sehemu moja tu. Akasaini polepole, herufi moja moja, kalamu imefungwa kwa kamba fupi mpaka ameinama mezani. Wakampa stika ya kwamba amepiga kura, akaenda kuibandika kwenye friji.

Tarehe 8 Novemba, siku tatu baada ya uchaguzi, kura ya posta ikaingia kwenye sanduku.

Wiki mbili baadaye nikapiga ile namba ya kwenye risiti ya kura ya muda. Haikuhesabiwa. Sahihi ya pili hakuna.

Nilipomweleza hakulia wala hakusema kitu. Aliibandua ile stika, akaikunja, akaitia kwenye bahasha iliyochelewa, akaiweka kwenye droo alimoweka cheti cha uraia.

Malalamiko nimepeleka kwa maandishi mara mbili. Nilichojibiwa ni kwamba "utaratibu ulifuatwa."

Mlioko Ohio, Texas, Kentucky, Maine na kwingineko, kuna aliyewahi kukataliwa kura ya muda kituoni, au kutishwa hivi? Mlifanyaje mpaka mkasikilizwa? Na kama kuna mtu amewahi kufanya kazi kwenye meza ya kituo, naomba aniambie wanaombaje, nikakae pale mwenyewe mwezi wa kumi na moja.