Maua ya kutambaa kwenye mawe na vikapu vya kuning'inia: petunia zangu zinakufa

Mkazi wa Tanga
Habari zenu wapenzi wa bustani. Nyumba yangu inatazama bahari, na mbele ya baraza nimepanga bustani ya mawe kwa matumbawe yaliyobaki wakati wa ujenzi. Mwezi Juni nilipanda miche ya petunia iliyoletwa kutoka Lushoto, mingine katikati ya mawe na mingine katika vikapu vinne vya kuning'inia. Ilichanua vizuri kwa wiki tatu, kisha majani yakageuka manjano, na vikapu hukauka kila jioni ingawa asubuhi humwagilia mpaka maji yatiririke chini. Nakosea wapi?

Mwenye kitalu
Pole sana, ndugu yangu. Maji kutiririka chini hakumaanishi kwamba udongo umelowa. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka kabisa husinyaa na kuacha ufa pembeni, na maji hupita katika ufa huo bila kuigusa mizizi. Teremsha kikapu, ukizamishe ndani ya ndoo ya maji, ukiache humo mpaka mapovu yakome. Baada ya hapo kitandikwe makumbi ya nazi kwa ndani, nawe umwagilie mara mbili kwa siku maadamu upepo wa kusi unavuma, kwa sababu kikapu hupigwa na upepo pande zote. Mashina yaliyorefuka yakate hadi nusu, yatachipua upya. Hata hivyo, petunia hupenda ubaridi, na Lushoto iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari.

Bibi wa Mombasa
Mwanangu, kabla ya kung'oa chochote, tazama ni majani yapi yaliyogeuka manjano. Yakiwa ya chini, mmea una njaa ya mbolea. Yakiwa machanga ya juu, na mishipa yake imebaki kijani, tatizo ni chokaa ya matumbawe, ambayo huufanya mmea ushindwe kufyonza madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Petunia huumizwa upesi na hali hiyo. Mimi kwenye mawe hupanda potulaka, yenye vijani vinene vinavyohifadhi maji. Kata vipande vya sentimita 8 hivi, uvichomeke kwenye mchanga wenye mboji kidogo, na usivilemee kwa samadi, maana vitajaa majani na kukunyima maua. Viweke penye jua la kutosha, kwa kuwa maua yake hujifunga jioni na siku ya mawingu.

Mkulima wa Bagamoyo
Naunga mkono potulaka, ila kwa mawe makubwa naona lantana ya zambarau inayotambaa hufunika vizuri zaidi na huvumilia ukame. Usiipande mahali mbuzi wanapopita, kwani majani yake ni sumu kwa mifugo.

Mkazi wa Tanga
Ahsanteni sana, na shikamoo Bibi. Nimekagua leo asubuhi: petunia za kwenye mawe zina manjano juu na mishipa ya kijani, kama ulivyosema, lakini za vikapuni zina manjano chini. Kikapu cha kwanza nilichokizamisha kilitoa mapovu kwa karibu dakika 10, na nilipokinyanyua kilikuwa kizito kuliko nilivyowahi kukiona tangu nikitundike. Mbuzi wa jirani hupita hapa kila siku, kwa hiyo kwenye mawe nitaanza na potulaka.