Re: Re: EBT imefungwa, na pantri nayo inadai barua ya nyumba

Mama Ushindi aliandika:

Jambo kwenu wote wa listi yetu, watu wa Bukavu na wa Goma, mlio huku Marekani na mlio nyumbani. Mnisamehe, leo sina moyo wa salamu ndefu. Barua imefika: EBT yangu, kadi ya SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, imefungwa. Wanasema ni ile sheria ya Julai 2025, kwamba I-94 ya mkimbizi, ile karatasi ya kuingilia nchini, haitoshi tena mpaka upate grinkadi, kadi ya ukaazi wa kudumu. I-485 yangu, fomu ya kuomba grinkadi, iko kwao, imelala. Kesiwoka, mhudumu wa kesi yetu, akanipa karatasi yenye orodha ya benki za chakula, nikaenda kwenye kanisa la kwanza. Yule mama wa mezani akadai bili ya umeme au barua ya nyumba yenye jina langu. Sisi tunakaa kwa dada yangu, kila kitu kina jina la shemeji. Nimerudi mikono mitupu, na watoto nyuma ya gari.

Naomba msaada kwa mawili. Mtu asiye na barua ya nyumba anaonyesha nini? Na nikiandikishwa pale, haitaharibu I-485?

Papa Dieudonné aliandika:

Pole sana mama. Sisi ya kwetu ilikuwa mbaya zaidi. Novemba 2025, serikali ilipokuwa imefungwa, pesa za EBT hazikuingia kwa wakati. Mke wangu alijua hivyo? Alijaza kitoroli, akafika kwa kashia, kadi ikakataa, watu wamesimama nyuma yake. Akaanza kurudisha kimoja kimoja: kuku, mafuta, nepi. Mpaka leo duka lile hakanyagi.

Mimi ningekuwa wewe nisingejiandikisha popote. Congo imeshawekwa kwenye orodha ya nchi zilizofungiwa kuingia Marekani. Ukiongeza jina lako kwenye kompyuta nyingine, unajitafutia matata.

Fiston wa Kadutu aliandika:

Papa Dieudonné, kwa heshima zote, unawatia watu hofu bure. Congo iliyo kwenye ile orodha ya Juni 2025 ni Brazzaville. Siyo yetu. Mara ngapi tumeandika hapa?

Mama Ushindi, kuhusu I-485: mambo ya kusema mtu ni mzigo kwa serikali hayamhusu mkimbizi anapoomba grinkadi, sheria yenyewe imemtoa. Na maharage ya kanisa ndiyo kabisa hayana habari. Uliza mwanasheria wa shirika lililokupokea, usiulize listi. Mimi mwenyewe nilikaa mwaka mzima nakula mkate mtupu kwa sababu ya uvumi wa listi.

Papa Dieudonné aliandika:

Asante kwa somo, mwalimu. Sasa nenda ukamweleze yule wa nyuma ya kiyoo pale biro, maana hajui hata Congo ipi ni ipi: mimi aliniuliza kama nazungumza Kireno.

Mzee Bahati (Phoenix) aliandika:

Watoto wangu, mnachanganya mambo mawili, na hapo ndipo mama anapotea.

Pale alipofukuzwa si benki ya chakula. Pale ni pantri, mahali pa kugawia watu chakula. Benki ya chakula ni depo, jumba kubwa lenye malori mlangoni. Mimi nimefanya kazi ndani ya moja, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Tena mjue kwamba ya kwanza kabisa ilianzia mji huu ninaokaa, mwaka 1967: St. Mary's. Mzee mmoja, John van Hengel, alikuwa anajitolea kwenye jiko la maskini. Wanasimulia kwamba mama mmoja mwenye watoto wengi, aliyekuwa akiokota chakula nyuma ya duka, ndiye aliyemwambia pangefaa kuwe na mahali watu wanaweka chakula na wengine wanachukua, sawa na benki ya pesa. Leo mtandao wa Feeding America una depo kama 200, na pantri na majiko kama 60,000 yanachota humo.

Depo inapokea kwa njia tatu. Maduka makubwa yanatoa vilivyokaribia tarehe au visivyouzika. Tangu 1996 kuna sheria inayomlinda anayetoa kwa nia njema, asishitakiwe. Wakulima wanaleta mavuno yaliyozidi. Na serikali inaleta vya TEFAP, mpango wake wa chakula cha dharura. Sisi ndani tunachambua. Kopo lililobonyea ubavuni linapita. Likibonyea kwenye mshono au mfuniko ukivimba, tunatupa, hata kama nje linang'aa. Viazi vinakuja kwenye maboksi yanayofika kifuani, unaanza kwa pua kabla ya macho, maana kimoja kilichooza chini kinakuja kumaliza vyote.

Sasa sikiliza mama. Kila pantri ina masharti yake. Nyingine inahudumia watu wa mtaa wake tu, ndiyo maana inadai anwani. Kwa hiyo usirudi kugombana na yule wa mezani. Piga simu depo yenyewe, uliza pantri ya eneo lako isiyotaka hiyo barua, na uliza siku ya lori. Lori la depo linasimama kwenye parkingi ya shule au kanisa, unafungua buti wanaweka. Hapa kwetu kwenye foleni ya lori sijaona mtu anaulizwa I-94. Wanauliza jina na mko wangapi nyumbani.

Lakini msidanganyike kwamba depo itaziba pengo la SNAP. Wenyewe Feeding America wanasema: kwa sahani 1 wanayotoa wao, SNAP ilikuwa inatoa 9. Na mwaka 2025 serikali ilifuta hata sehemu ya shehena za TEFAP zilizokuwa zinakuja. Nilikuwa nikiona rafu za juu zimejaa, siku hizi unaona ukuta.

Chantal aliandika:

Shemeji aandike barua tu kwamba Mama Ushindi anaishi kwake, atie sahihi. Kwangu ilipita.

Fiston wa Kadutu aliandika:

Lazima iwe na mhuri wa notari.

Chantal aliandika:

Notari wa nini, kwa mfuko wa makaroni? Acheni kutisha watu.

Tantine Solange (Nguba, Bukavu) aliandika:

Bandugu, salamu kutoka nyumbani. Nasoma habari zenu nacheka na kulia pamoja. Mnasema depo! Depo za PAM, Shirika la Chakula Duniani, za hapa mnajua zilivyoishia Februari 2025, mji ulipoanguka: karibu tani 7,000 za chakula ziliporwa. Niliona kwa macho yangu mtoto wa shule anaburuza mfuko wa unga, umetoboka, ameacha mstari mweupe barabara nzima mpaka Nyawera. Na Goma hata benki za pesa zilifunga milango. Ninyi mna benki ya viazi na bado mnanuna!

Sitanii sana. Sisi hapa tunashikana sisi kwa sisi. Mwenye shamba Kabare analeta maharage, mwenye kitu cha Western Union anasaidia wa jirani. Zile pesa mnazotuma, hata kidogo, msiache.

Papa Dieudonné aliandika:

Tantine, na waliotufikisha hapo wanajulikana, hata kama watu hapa wanaogopa kuwataja. Kinshasa ilikuwa wapi? Kigali...

Mwangalizi wa listi aliandika:

Papa Dieudonné, tunaishia hapo. Kuna watu wanasoma wakiwa Bukavu na Goma, na simu zinakaguliwa. Siasa iende kule kwingine.

Mama Ushindi aliandika:

Nashukuru wote. Nilipiga depo kama Mzee alivyosema, wakanielekeza kwa lori, tumepata. Siagi ya karanga makopo manne, mbaazi za kopo, jibini ya kipande, na majani fulani makubwa mazito. Watoto wamekula jibini. Haya majani sijui niyafanye nini.

Chantal aliandika:

Hayo ndiyo sombe yetu ya huku, badala ya majani ya muhogo! Toa uti wa katikati, katakata, chemsha mpaka yalegee, kisha saga. Siagi ya karanga inaingia mwishoni, moto mdogo.

Tantine Solange aliandika:

Sombe ya majani mengine, na karanga za kopo. Mungu wangu.

Chantal aliandika:

Tantine, ukija utakula na utaomba tena. Ila soma kopo kwanza, ile yenye sukari inaharibu chungu chote. Kinachonishinda mimi ni mawese, duka la Wakongo liko mbali. Kuna mtu anashuka kutoka Louisville mwezi huu? Aniletee madumu mawili, nalipa na mafuta ya gari.