Kupita Mkanda (mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara) kwa mashua, Amu (Lamu) hadi Pate

Swali: Jamani, tuko watu 4, mashua ya injini ndogo, siku 3. Mkanda tupite saa ngapi? Na maji ya kunywa kiasi gani?

Jibu: Usifuate saa ya jana, maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ingieni yakiwa bado yanajaa, saa 2 kabla ya kujaa kabisa. Mkikwama kwenye tope, yatawanyanyua. Mkiingia yakipwa mkakwama, mtangoja jaa linalofuata, na kama bamvua (siku za maji makubwa) linakwisha huenda lisifike hapo mlipo. Upondo (mti wa kusukumia chombo) uwe mkononi.

Jibu: Naongezea injini, maana hapo ndipo wengi huharibikiwa. Tazameni ule mchirizi wa maji ya kupoozea. Ukiwa mwembamba kama uzi, zimeni papo hapo: tope au majani ya bahari yameziba matundu ya kunyonya. Inueni injini, zibueni kwa waya. Mchirizi usiporudi, basi huenda impela ya mpira (kigurudumu cha kusukuma maji ya kupoozea) imekatika mbawa. Bebeni ya akiba na spana yake.

Jibu: Maji: lita 4 kwa mtu kwa siku, yaani 48. Chukueni madumu 4 ya lita 20, ziada iwe akiba, yafungwe pande zote mbili chombo kisilale upande. Seredani (jiko la makaa) iwekwe juu ya sanduku la mchanga, mbali na petroli.

Muuliza swali: Shukrani sana. Na kamba ya nanga usiku?

Jibu: Pimeni kina cha maji yakijaa, si yakipwa. Kina mita 5, kamba mita 25.