Mnaosambaza "dawa ya kisukari imepatikana": mdogo wangu ametoka wodini juzi, someni hapa

Wakuu, salamu kwenu. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi, huwa nasoma na kupita. Leo nimeshindwa kupita. Kama na wewe uliisambaza ile klipu ya dakika mbili inayosema kisukari kimepata dawa, uzi huu ni wako. Usome hadi chini kabla hujanijibu.

Nina mdogo wangu wa kike, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 9. Wengi mnaposikia kisukari mnawaza kile cha watu wazima, cha kuambiwa punguza ugali na tembea kwa miguu. Hiki ni kingine. Kinga ya mwili wake mwenyewe ilizigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ikaziua. Mlonge hauzirudishi, mdalasini hauzirudishi, kuacha wali hakuzirudishi. Anaishi kwa sindano mbili kila siku, asubuhi na jioni, mwaka wa saba huu. Pigeni hesabu wenyewe, zimeshapita 4,000. Nyumbani hatuna friji. Insulini yake inakaa kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga, mama anaumwagia mchanga maji asubuhi na jioni, na hakuna mtoto wa nyumba ile anayethubutu kukigusa.

Sasa sikieni. Jumamosi usiku klipu ikaingia kwenye grupu la ukoo. Sauti nzito ya mwanaume, picha za maabara, watu wamevaa makoti meupe, na maandishi makubwa chini: KISUKARI SASA BASI. Haikuchukua saa mbili, meseji zikapita mia. Binamu mmoja anasema Wachina wamewapiga bao Wazungu. Mwingine anasema Wazungu walikuwa nayo siku zote, wameificha ili waendelee kutuuzia insulini. Shemeji yeye anasema ni dalili za siku za mwisho. Mabishano hadi saa saba usiku, watu wazima, wengine wana digrii zao. Kati ya wote hao hakuna aliyeuliza hata mara moja: wamejaribiwa watu wangapi?

Na katikati ya kelele hizo baba mdogo, mtu ninayemheshimu, ambaye amemlipia mdogo wangu ada tangu baba yetu afariki, akamwandikia mbele ya ukoo mzima: "Mwanangu, Mungu amejibu. Sindano sasa basi."

Yeye akajibu: "Amina ba'mdogo."

Hiyo Amina nimeirudia kuisoma wiki hii nzima.

Jumapili asubuhi akachoma nusu ya dozi. Jioni hakuchoma. Jumatatu hakuchoma kabisa, na hakumwambia mtu. Baadaye aliniambia alitaka mwili uanze kuzoea, ili dawa ikifika Tanzania imkute yuko tayari. Mama alimwona anakunywa maji kupita kawaida, akadhani ni joto. Jumanne usiku akaanza kutapika. Anahema kama mtu aliyetoka kukimbizwa, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza. Tukampima, mashine ikaandika HI, maana yake sukari imepanda kupita pale mashine inapoweza kusoma. Tulifika hospitali saa tisa usiku kwa bodaboda, mama yuko nyuma amemkumbatia asianguke. Kalazwa siku nne. Siku ya kwanza alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka, ananiita jina la marehemu baba.

Niliporudi nyumbani kumchukulia nguo nilifungua kile chungu. Kichupa kilikuwa kimejaa kuliko kilivyotakiwa kuwa. Daftari lake la sukari, ambalo mimi sijawahi kuona siku imerukwa, Jumatatu na Jumanne ameandika tarehe tu. Mbele yake pako wazi.

Sasa tuje kwenye huo utafiti, maana upo na siukatai. Nimekesha siku mbili nikiusoma, kamusi pembeni. Aliyetengeneza klipu alichukua tafiti mbili tofauti akazishona kama kitu kimoja.

Wa kwanza ni wa China. Mwanamke mmoja wa miaka 25, Tianjin. Walichukua seli za mwili wake mwenyewe, wakazigeuza zikawa za kutengeneza insulini, mwaka 2023 wakampandikizia kwenye misuli ya tumbo. Ndani ya miezi mitatu hivi akaacha sindano. Ni kweli, na ni jambo kubwa sana. Lakini ni mtu MMOJA, na mtu huyo alikuwa tayari anameza dawa za kushusha kinga kwa sababu alishawahi kupandikizwa ini. Kinga ndiyo iliyoua seli za mdogo wangu. Huwezi kunionyesha mtu ambaye kinga yake imelazwa kwa dawa, ukaniambia yamekwisha.

Wa pili ni wa kampuni ya Vertex ya Marekani, majibu yalitoka Juni 2025 kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Wagonjwa 12 walipewa dozi kamili ya seli zilizokuzwa maabara kutoka kwenye seli shina (seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine), zikaingizwa kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ini. Baada ya mwaka mmoja, 10 kati yao hawachomi insulini. Nilipofika hapo nilisimamisha kusoma nikaenda nje, kwa sababu na mimi nina mtu wangu, na mimi nataka. Nikarudi nikaendelea kusoma yale ambayo klipu iliyakata. Walichaguliwa watu ambao sukari yao huporomoka ghafla hata wasihisi dalili, watu wa kuzimia wakiwa wanatembea. Wote wanameza dawa za kushusha kinga ili mwili usizishambulie seli mpya. Na kwenye utafiti huo watu wawili walifariki, mmoja wao kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Wenye ndugu wanaoishi na VVU wanaijua hiyo homa, ndiyo ile inayowaandama kinga ikishuka.

Hebu mfikirieni sasa binti wa miaka 16, kijijini kwenye malaria, bweni la wanafunzi arobaini, kifua kikuu kipo, anaambiwa aachane na sindano ameze dawa za kulaza kinga maisha yake yote. Labda angekubali. Huo ni uamuzi wa kukaa chini na daktari na mzazi, mkapima. Nyinyi mlimwamulia kwa klipu ya dakika mbili.

Kuna wenye kurasa kubwa, watu wanaofuatwa na malaki, na watangazaji wa vipindi vya asubuhi waliosoma ile habari hewani huku wanacheka na kupongezana. Nina hasira na nyinyi kuliko na baba mdogo. Yeye alidanganyika kwa mapenzi. Nyinyi ni kazi yenu, mnalipwa. Kusema "wagonjwa 12, Marekani, bado ni majaribio, msiache insulini" ni sekunde ngapi? Sita? Hamkuwa na sekunde sita?

Na tusijifanye hatujawahi kuungua. Mwaka 2011 nilikuwa mdogo lakini nakumbuka foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu, kikombe cha dawa yake ya miti Sh 500, na wagonjwa wa kisukari na wa UKIMWI walioweka dawa zao chini kwa sababu wameambiwa wamepona. Tulisema tumejifunza. Safari hii kikombe kimekuja na picha za maabara na neno "watafiti" mbele yake, tukakinywa tena.

Najua kuna atakayekuja kusema napinga sayansi. Ndugu yangu, mdogo wangu yuko hai KWA SABABU ya sayansi. Insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921, na kabla ya hapo mtoto wa namna yake alikuwa anasubiri kufa tu, wanamnyima chakula ili ajivute miezi kadhaa. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa ya kwanza, na haikufanya kazi inavyotakiwa, ilikuwa chafu. Wakarudi maabara kuisafisha, siku 12 baadaye wakamchoma tena, ndipo sukari ikashuka. Hata insulini yenyewe, iliyookoa mamilioni, siku ya kwanza ilifeli. Mtu aliyetangaza siku ile kwamba dawa imepatikana angekuwa amedanganya, na mtu aliyetangaza kwamba imeshindikana naye angekuwa amedanganya.

Mimi sisemi msijadili. Jadilini usiku kucha. Lakini ukileta utafiti kwenye grupu lenye mgonjwa, andika ni wangapi waliojaribiwa, ni wa aina gani, wanameza nini kingine, na imepita muda gani. Kama hujui, usiandike "Hongera umepona". Kwako ni mada ya Jumamosi, Jumatatu unabishania mpira. Mwenye kichupa kwenye chungu anasoma kila neno lako, hata kama hachangii.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Wanaosema kosa ni la binti, angemuuliza daktari: ana miaka 16, na aliyemwambia aache ni mkubwa wake, na ukoo mzima ulikuwepo na hakuna aliyesema subiri kwanza. Pamoja na mimi. Nilikuwa kazini zamu ya usiku, nikaziona meseji asubuhi, nikazipita.

Aliyeniuliza kuhusu Sweden, asante, hilo ni swali la mtu aliyesoma. Ni kweli, Uppsala mwaka 2025 walitoa majibu ya mwanaume mmoja aliyepewa seli zilizobadilishwa vinasaba ili kinga isizitambue, bila dawa za kushusha kinga, na zikaendelea kutoa insulini. Kiasi alichopewa kilikuwa kidogo, kwa hiyo bado anachoma sindano zake. Hapo ndipo macho yangu yalipo sasa.

Baba mdogo alikuja wodini siku ya tatu. Mdogo wangu akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akakaa pembeni ya kitanda kama saa nzima bila kusema kitu. Alipoondoka aliacha boksi mbili za stripu za kupimia. Meseji yake ameifuta, pale kwenye grupu panasomeka tu kwamba imefutwa. Sijamwongezea neno.

Jana nilikaa na mdogo wangu nikamsomea ule utafiti wa Marekani mstari kwa mstari, hadi vile vifo. Alisikiliza kimya. Nilipomaliza akauliza, "Kaka, kwenye hao kumi na wawili kuna wa umri wangu?" Nikamwambia hakuna, walianza kupokea kuanzia miaka 18.

Akainua vidole. "Bado miwili," akasema, kisha akaenda kwenye chungu, muda wa jioni ulikuwa umefika.