Tupeane uzoefu: ukaazi wa kudumu Kanada kwa njia ya ujuzi

Mhasibu wa Maweni (Malindi)
Salaam jamaa. Mliopitia Express Entry, ule mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, semeni yaliyowakuta, matangazo tumeshayaona. Naanza mimi. Nina miaka 34, mhasibu wa hoteli. Kile kipimo cha kwanza cha alama 100 kinataka 67, nikapata 71. Siku hiyo nyumbani tulipika biriani. Kumbe nimefunguliwa mlango wa uwanja tu! Ndani unapimwa upya kwa alama 1,200, na unashindana na dunia nzima. Umri unakula: mwenye 20 hadi 29 anabeba alama zote, sisi kila mwaka tunanyofolewa. Kilichoniuma zaidi ni IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Kusikiliza 8, kusoma 7, kuzungumza 7, kuandika 6.5. Hiyo nusu niliyopungukiwa kufika 7 kwenye kuandika peke yake ilinipotezea alama zaidi ya 40, kwa sababu elimu na uzoefu vinahesabiwa pamoja na lugha, na lugha ikilegea hata sehemu moja, vyote vinashuka.

Binti Langoni (Lamu)
Mimi kilichonitesa ni jina la babangu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Muhamadi, cheti cha shule Mohamed, pasipoti Mohammed. Hapa Amu nani anajali? Ni mzee yule yule, anakaa barazani pale pale. Lakini wale wanaolinganisha shahada zetu na za Kanada waliniuliza hawa ni watu wangapi. Nikavuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda basi la Mombasa, nikaapa mbele ya wakili kwamba hao watatu ni baba mmoja. Bado transkripti, ile karatasi ya matokeo yote ya chuo. Haikubaliwi ukiibeba mwenyewe; chuo ndicho kitume, bahasha imefungwa na muhuri umepita juu ya mfuniko. Binamu yangu wa Nairobi alienda chuoni mara nne. Mara ya tatu bahasha ilikuwa tayari, muhuri umepigwa pembeni. Ikarudi ndani.

Mpishi wa Watamu
Barua ya mwajiri ya kuthibitisha kazi, jamani! Bosi aliniandikia mistari mitatu: mwaminifu, mchapakazi, tunamtakia heri. Haifai kitu. Wanataka tarehe, saa kwa wiki, mshahara na kazi zenyewe ulizokuwa ukifanya. Nilipogundua, hoteli imeshauzwa na meneja amerudi kwao Italia. Nikamsaka kwenye Whatsapp, tukaongea Kiitaliano, akaniandikia vizuri kabisa. Na hapo ndipo Kiitaliano changu kilipoishia faida. Miaka kumi na moja nakiongea na wageni ufukweni, hakina hata alama moja. Kifaransa ndicho kinacholipa.

Ndugu wa Casuarina
Nitasema kwa ufupi maana nina hasira. Ajenti alinitoza shilingi 80,000 "kunifungulia faili". Kufungua wasifu wa Express Entry ni bure, unajaza mwenyewe hata saiba. Kisha akataka pesa nyingine za barua ya ofa ya kazi ya Kanada, eti ya kuongeza alama. Alama hizo zilifutwa Machi 2025. Simu yake haipatikani.

Mtu wa Mkomani (Lamu)
Mimi nilialikwa na Kanada kuomba ukaazi. Nikashukuru Mungu, nikapiga magoti, kisha nikasoma orodha: siku 60 za kupeleka kila kitu. Gudi kondakti, yaani cheti cha polisi cha hapa, niliipata, shilingi 1,050 na alama za vidole. Nikajiona nimemaliza. Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Na Qatar je?" Nilikaa Doha miaka miwili kama fundi umeme, na wao wanataka cheti cha polisi cha kila nchi uliyokaa miezi sita mfululizo au zaidi ndani ya miaka kumi iliyopita. Ningeanza kukitafuta kabla sijaalikwa ningelala usingizi. Siku ya 57 hakijafika. Nikapakia risiti ya maombi na barua ya kueleza. Nasubiri. Wenzangu mliokaa Ghuba, fanyeni hilo leo.

Mhasibu wa Maweni (Malindi)
Mkomani, Mungu akufanyie wepesi. Mpishi, nimeanza Kifaransa, mwalimu ni simu. Mtihani wangu wa IELTS unafika miaka miwili Novemba, baada ya hapo hauhesabiki, kwa hiyo narudi kuufanya tena. Mama amenikuta usiku naandika barua ya mazoezi ya mtihani, ya kumlalamikia mwenye nyumba bomba linalovuja. Akaniuliza, "Kwani pale mnapokodi bomba limeharibika lini?"